Kupima mwamko wa uendelevu kwa wanafunzi wa chuo: jibu langu kwa mwalimu wa Pemba

Assalamu alaykum wanajukwaa.

Dada yetu aliyeanzisha uzi huu anafundisha chuo huko Pemba. Amekabidhiwa somo la lazima la mazingira na maendeleo endelevu kwa mwaka wa kwanza, wanafunzi wapatao mia tatu wa fani mchanganyiko: ualimu, biashara, TEHAMA, afya. Idara inamtaka aonyeshe kwa takwimu kwamba somo limeongeza mwamko, na imempendekezea dodoso la "nakubali sana" mpaka "sikubali kabisa", lijazwe mwanzo wa muhula na mwisho wake. Anauliza kama hilo linatosha, na vipi afundishe darasa kubwa kama hilo asiishie kusoma slaidi.

Nimefundisha somo la aina hii hapa Unguja kwa miaka kadhaa, na ni somo ninalolipenda, kwa hivyo mnivumilie kwa urefu. Dada, dodoso peke yake halitoshi. Litakupa namba nzuri za ripoti na halitakuonyesha kitu kuhusu mwanafunzi wako. Kinachopimika kweli ni kama mwanafunzi anaweza kushika jambo moja la hapa kwetu, akalifuata linakotoka na linakokwenda, akasema nani analipia na lini, kisha akatoa uamuzi na kukiri uamuzi wake unamuumiza nani. Ukilenga hapo, hata kufundisha kunakaa sawa.

Chukua sentensi kama "Ni wajibu wetu kutunza mazingira kwa ajili ya vizazi vijavyo". Nani Zanzibar atatia alama kwenye "sikubali"? Mtoto amelelewa kwao akiambiwa kumwaga chakula ni israfu, skuli amepanda miti, sasa anajaza karatasi ya mwalimu anayemheshimu. Atakubali sana wiki ya kwanza na atakubali sana wiki ya mwisho. Wastani unaanza juu na hauna pa kupanda. Halafu kuna adabu zetu: kulikataa neno zuri lililoandikwa na mkubwa wako ni kama kumvunjia heshima. Karatasi ile inapima malezi mema, na malezi mema wanafunzi wetu wanayo kabla hawajaingia darasani kwako.

Madodoso yaliyotungwa nje yana tatizo lao jengine. Liko moja mashuhuri sana, lilitungwa Marekani na Riley Dunlap na Kent Van Liere mwaka 1978, likafanyiwa marekebisho mwaka 2000 na kuwa na sentensi 15. Linatumika dunia nzima na si baya kwa kazi yake. Lakini mna sentensi humo inayosema, kwa maana yake, kwamba binadamu amewekwa avitawale viumbe vilivyobaki. Anayekubali anahesabiwa kuwa yuko mbali na fikra za kutunza mazingira. Sasa mpe kijana aliyesoma madrasa tangu ana miaka minne. Kwake yeye binadamu ni khalifa katika ardhi, na khalifa ataulizwa juu ya amana aliyopewa. Anatia alama ya kukubali kwa sababu ileile inayomfanya aogope kukata mti ovyo, na dodoso linampunguzia. Nimesoma karatasi za namna hiyo ambapo mwanafunzi ameandika pembeni kwa kalamu, bila ya kuombwa, "lakini ataulizwa". Kilichoandikwa pembeni kilikuwa na maana kuliko alama zote za ukurasa ule.

Kwa hivyo kama idara inalazimisha dodoso, lipe, ila fupi, na chini ya kila sentensi acha mistari miwili ya "kwa nini umesema hivyo". Halafu usome hiyo mistari.

Kuhusu kufundisha. Usianze na Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015, wala ripoti ya Tume ya Brundtland ya mwaka 1987, ile iliyotoa fasili mashuhuri ya maendeleo endelevu. Hizo zina mahali pake, wiki ya nne au ya tano. Ukizitanguliza, wanafunzi wanazihifadhi kama walivyohifadhi kila kitu tangu darasa la kwanza, na mtihani wanakurudishia neno kwa neno. Anza na kitu walichokigusa asubuhi ileile, na maji ndiyo mepesi kuliko vyote.

Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja ni jiwe la matumbawe lenye matundu. Mvua inazama haraka, na maji matamu hukaa chini yakielea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa hesabu ya wataalamu wa maji ya ardhini, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Kwa hivyo kiwango kikishuka mita moja tu kwa kuvutwa, mpaka wa chumvi unaweza kupanda kwa makumi ya mita. Mchoro huu unachukua dakika kumi ubaoni. Kisha waulize: kijiji cha pwani kina visima vya kuteka kwa ndoo tangu enzi za mababu, pembeni imejengwa hoteli yenye bwawa la kuogelea na bustani ya nyasi, nayo ina pampu ya umeme. Chumvi ikija, nani ana fedha za kununua maji ya boza au mtambo wa kuondoa chumvi, na nani hana? Hapo darasa linaanza kusema. Kwa Pemba udongo na miamba vinatofautiana na vyetu, kwa hivyo tafuta mtu wa mamlaka ya maji aje awaeleze hali ya kwenu. Usiwape mchoro wa Paje ukawaambia ni wa Chake Chake.

Mwani ni wenu kuliko wetu, maana sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka Pemba. Kilimo chenyewe cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na wanawake ndio waliokishika. Zinalimwa aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ina bei nzuri zaidi, ila haivumilii joto. Maji ya kina kifupi yalipozidi kupata joto ikawa inapauka, inalainika na kukatika kwenye kamba, na sehemu nyingi wakulima wameiacha. Spinosamu inastahamili, lakini bei yake ni ndogo. Ukitaka kotonii iishi uipeleke kwenye kina, na huko unahitaji chombo, kamba ndefu na kujua kuogelea. Sasa muulize kijana wa biashara: joto la bahari limefikaje kuwa suala la nani anajua kuogelea? Mama akienda kwenye kina, nani anabaki na mtoto? Fedha za chombo zinatoka wapi, na anayekopesha ni nani, si ndiye anayenunua mwani?

Darasani kwangu alikuwepo msichana ambaye mama yake ni mkulima wa mwani. Alieleza jinsi kazi yote inavyofuata bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, na kwa nini siku za joto kali mama yake huvuna mwani haujatimia, kuliko kuusubiri akaukosa wote. Hakuna slaidi ingeweza kusema hayo. Wanafunzi wetu wengi wametoka kwenye nyumba za wavuvi, wakulima wa mwani, wachumaji wa karafuu, wachoma makaa, mafundi wa kujenga. Wamefundishwa miaka yote kwamba elimu ni kuondoka huko, kwa hivyo wanaona haya kuyataja mbele ya wenzao. Ukiwafungulia mlango watasema mambo ambayo hata wewe huyajui, na ukiwa mwalimu mwenye unyenyekevu wa kutosha utakaa chini uandike.

Mchanga nao usiuache, hasa kwa sababu unamgusa kila mmoja. Serikali yetu inauhesabu katika rasilimali zisizorejesheka na inadhibiti uchimbaji wake, kwa kuwa visiwa ni vidogo na mashimo yanabaki kwenye ardhi iliyokuwa ya kilimo. Wanafunzi wote watasema uchimbaji holela upigwe marufuku. Waache waseme. Kisha waulize wangapi nyumba yao inajengwa sasa hivi, matofali yamefika kozi ya ngapi, na mchanga wa plasta utatoka wapi. Darasa linanyamaza kidogo, halafu ndipo wanapoanza kufikiri kweli: nyumba ndogo ya familia na jengo la ghorofa vipewe haki sawa ya mchanga? Kuna njia ya kujenga kwa mchanga kidogo? Nani apewe kibali kwanza? Mimi binafsi naamini hakuna somo linalofundisha zaidi ya dakika ile ambayo mtu anagundua kwamba yumo ndani ya jambo analolilaumu.

Mifuko ya plastiki ipitie haraka. Zanzibar tuliipiga marufuku mwaka 2006, Tanzania Bara ikafuata Juni 2019, na wanafunzi wanalijua. Swali la kuwaachia ni kwa nini mfuko umepungua na chupa ya maji imezidi.

Usiwaache pia wakiwa wamekata tamaa. Wanafunzi wakisikia joto la bahari, chumvi, mchanga, wanaanza kuona hakuna la kufanya. Pemba mna dawa ya hilo. Popo wa Pemba, ambaye hapatikani porini pahala pengine popote duniani, mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu kutoweka kwa kuwindwa na kukatwa misitu. Wanavijiji walijipanga kulinda miti wanayolala, na leo wanahesabiwa kwa maelfu. Wapeleke Kidike wakawaone, na wakiwa huko wasiishie kupiga picha. Wawaulize wazee waliacha vipi kuwawinda, na walipata nini badala ya kitoweo kile. Kisiwa cha Misali nacho ni mfano mkubwa. Kilifanywa hifadhi mwaka 1998, na baadaye masheikh, wavuvi na watu wa uhifadhi walikaa pamoja wakafundisha utunzaji wa bahari kwa misingi ya Kiislamu. Hilo si jambo la kuliweka kwenye tanbihi.

Na kwa kuwa nimeigusa dini: itumie, bila ya woga, lakini usiridhike na kunukuu. Kila mwanafunzi ataitaja hadithi ya anayeshika mche mkononi Kiama kinasimama, aupande. Ataitaja na ile ya kutofanya israfu ya maji hata ukiwa kwenye mto unaopita. Vizuri. Sasa wapeleke kwenye bomba la udhu la msikiti wa chuo wakiwa na ndoo na kopo la kupimia. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo ni chini ya lita moja. Wapime udhu wa bomba lililofunguliwa moja kwa moja, kisha udhu wa kopo. Wazidishe kwa idadi ya wanaoswali adhuhuri, kisha kwa swala tano. Wanafunzi Wakristo walioko darasani wapime bomba la dahalia au la jikoni, nao waeleze mafundisho yao kuhusu kuwekewa dhamana. Hesabu ile ikishaandikwa kwenye karatasi, hadithi inakuwa na uzito mwengine kabisa.

Sasa kupima. Mwaka 2017 UNESCO ilitoa orodha ya umahiri nane wa elimu ya maendeleo endelevu: kuona mambo kwa mifumo, kutazamia yajayo, maadili, mikakati, ushirikiano, fikra tunduizi, kujitambua, na kutatua matatizo kwa ujumla wake. Usijaribu yote nane kwa watu mia tatu. Chagua matatu. Mimi huchukua kuona mifumo, kutazamia yajayo, na maadili katika maana ya kujua unachokichagua na unachokipoteza.

Chombo changu kikubwa ni kisa cha ukurasa mmoja. Mwanafunzi anakisoma na kukijibu wiki ya kwanza kabla hujafundisha neno, na mwisho wa muhula anajibu kisa chengine cha uzito uleule. Nakupa kimoja ukitumie. Kijiji kimefunga eneo lake la pweza kwa miezi mitatu, kama inavyofanyika Kisiwa Panza huko kwenu na Kizimkazi huku kwetu. Pweza hukua haraka na maisha yake ni mafupi, kwa hivyo hata miezi michache inatosha kuonyesha tofauti. Siku ya kufungua wanakuja watu wa vijiji jirani na wachuuzi, na kwa siku mbili pweza wakubwa wamekwisha. Wanawake wanaochokoa pweza kwa miguu wakati wa bamvua wanasema wamekosa kitoweo miezi mitatu, na faida wameichukua wazamiaji wenye miwani na vyombo. Kamati ya wavuvi inataka kufunga tena. Sheha, kiongozi wa shehia, amekuomba ushauri. Andika utakalomwambia, kwa nini, na nani ataumia kwa ushauri wako.

Ukisoma majibu ya wiki ya kwanza utakutana na sentensi zilezile: "elimu itolewe kwa jamii", "serikali ichukue hatua", "wananchi wahamasishwe". Hazina mtendaji. Elimu itolewe na nani, kwa fedha za nani, kwa mwanamke anayeijua bahari ile kuliko mtoa elimu? Kanuni yangu ya kusahihisha ni kwamba sentensi isiyo na mtendaji haipati kitu mpaka imtaje. Waambie mapema, wiki ya pili, baada ya jaribio la kwanza. Hapo mwandiko wao unabadilika.

Alama natoa kuanzia sifuri mpaka tatu kwa mambo manne. La kwanza ni watu: ameona kundi moja tu, au ameona kwamba hata "wavuvi" si kundi moja, kuna mwenye ngarawa na asiyekuwa nayo, kuna wa kijiji na mgeni wa dago, aliyekuja kupiga kambi ya uvuvi. La pili ni muda: anaishia siku ya kufungua, au anauliza msimu wa pili na wa tatu utakuwaje. La tatu ni kufuatana kwa mambo: anaona kufunga eneo moja kunasukuma uvuvi eneo jengine, bei kupanda kunaleta watu wengi zaidi, na mengine yakirudi kugonga pale yalipoanzia. La nne ndilo gumu: amekiri gharama ya uamuzi wake, au ameandika kana kwamba kila mtu atafurahi? Wanafunzi wengi wazuri hukwama kwenye hili la nne. Tumelelewa kutafuta maneno yasiyomkera mtu, na uamuzi wa rasilimali hauna maneno hayo.

Kwenye kusahihisha, shika haya, maana idara ikitaka kulipinga jambo itaanzia hapa. Mwanafunzi asiandike jina wala tarehe, aandike namba ya siri anayoijua yeye. Nusu ya darasa waanze na kisa cha pweza na kumaliza na cha kisima, utakachokitunga kwa lile swali la kijiji na hoteli, nusu wafanye kinyume, ili isije ikawa kisa kimoja ni chepesi. Changanya karatasi za mwanzo na za mwisho, msahihishaji asijue ipi ni ipi. Muombe mwalimu mwenzako asahihishe sehemu ya karatasi hizohizo bila ya kuona alama zako, kisha mkae mlinganishe. Mkitofautiana sana, tatizo ni maelezo ya alama, myaandike upya. Kwa watu mia tatu huna haja ya kusahihisha zote kwa kina. Wote waandike, kisha uchague sitini kwa kura kwa ajili ya ripoti ya idara.

Tenga kabisa alama za mtihani wa mwanafunzi na utafiti wako kuhusu somo. Kwenye utafiti omba ridhaa yao na uwaambie wazi kwamba anayekataa haharibikiwi na kitu. Na kama uko uwezekano, warudie muhula unaofuata kwa kisa cha tatu. Kinachobaki baada ya likizo ndefu kina thamani kuliko kinachoonekana wiki ya mtihani.

Lugha pia. Vyuo vyetu vinafundisha kwa Kiingereza, na kwenye mtihani rasmi huna la kufanya. Lakini kisa kama hiki, omba ruhusa wakiandike kwa Kiswahili. Nimeona mwanafunzi yuleyule akiandika Kiingereza anatoa fasili ya Brundtland iliyonyooka na hana la zaidi, akiandika Kiswahili anakueleza mgogoro wa diko lao, pale vyombo vya uvuvi vinapofikia, na namna ya kuutatua. Unapima fikra za uendelevu, basi usiziwekee kizuizi cha lugha juu yake.

Maswali ya kuchagua yana nafasi, hasa kwa darasa kubwa. Upo mtihani wa kimataifa wa aina hiyo, Sulitest, ulioanza mwaka 2014, na muundo wake unafaa kuutazama. Ila ya kwako yatunge hapa. "Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka gani?" ni swali la kumbukumbu. "Kisima cha karibu na pwani kikivutwa zaidi ya mvua inavyorejesha, dalili ya mwanzo itakuwa ipi?" ni swali la kuelewa.

Kuhusu mwenendo, hapa nataka tuwe waadilifu sana. Usimuulize mwanafunzi "unaokoa maji?" Atasema ndiyo. Tazama vitu: mita ya maji ya dahalia kwa mwezi, mapipa ya taka yamejaa nini, taa za madarasa saa za magharibi. Chuo chenyewe kiwe kitabu chao. Sisi huku tunafuata taka zetu mpaka jaa la Kibele na umeme wetu mpaka kwenye kebo ya chini ya bahari inayotoka Bara. Kebo ile ilipoharibika Disemba 2009, Unguja ilikaa bila umeme wa gridi mpaka Machi 2010. Nawatuma wakawaulize wazazi wao maisha yalikuwaje, nani alinunua jenereta, maji yalipatikana vipi pampu zilipozima. Nyinyi umeme wenu umeunganishwa kutoka Tanga tangu mwaka 2010, na kabla ya hapo mlitegemea majenereta ya dizeli. Wazee wana mengi ya kueleza.

Lakini usimpe mtu alama kwa mwenendo wake. Mwanafunzi anayenunua maji ya chupa kwa sababu bomba la dahalia lina chumvi hana upungufu wa mwamko, ana kiu. Asiye na pipa atatupa wapi? Mara nyingi matokeo ya mwenendo yanakupa taarifa ya chuo, na hiyo taarifa upeleke kwa uongozi wa chuo kwa heshima, ikiwa na hesabu zilizofanywa na wanafunzi wenyewe. Wakiona bomba moja limetengenezwa kwa sababu ya hesabu yao, umewafundisha zaidi ya muhula mzima.

Utakutana na hoja moja, na usiizime: "Sisi visiwa vidogo, tumechafua nini? Wenye viwanda ndio wabadilike." Ni hoja ya haki. Waliosababisha zaidi ongezeko la joto si watu wa Kisiwa Panza, ambako maji ya bahari yameingia kwenye mashamba ya watu. Mwalimu anayeipita hoja hiyo anapoteza imani ya darasa. Ipe kipindi kizima. Kisha waombe wagawe karatasi mara mbili: upande mmoja tunachostahiki kudai kwa wengine, upande mwengine kilichomo mikononi mwetu wenyewe, kama mikoko, mchanga, juya na kisima. Waandike pande zote mbili kwa uzito uleule, na kwa majina ya wanaohusika.

La mwisho ni mrejesho. Kikundi kilichokwenda kijijini kuuliza, kirudi kijijini kueleza kilichokiona, mbele ya sheha na kamati, kwa Kiswahili cha kawaida, bila slaidi. Wanakijiji waulize maswali. Wewe kaa nyuma uandike: nani alijibu kwa ushahidi, nani alikiri hajui, nani alisikiliza. Usiwape wanakijiji kazi ya kutoa alama, watawapa wote kumi kwa ukarimu wao. Lakini waulize baadaye, faraghani, kama wamesikia kitu walichokuwa hawakijui na kama kuna kitu watoto wale wamekosea. Majibu hayo yatie kwenye ripoti yako pamoja na namba.

Kwa watu mia tatu, vikundi vya watu sita ni hamsini. Huwezi kuvipeleka vyote vijijini, na gharama ya usafiri usimbebeshe mwanafunzi. Wanaokwenda kwao mwisho wa wiki waifanye kazi shehiani kwao, waliobaki wafanye ya chuo chenyewe: maji, umeme, taka, chakula cha kantini. Zote zina uzito sawa.

Dada, andika kisa chako cha kwanza wiki hii kabla muhula haujaanza, kiwe cha Pemba, kisha kiweke hapa. Mimi nitakisoma, na wapo humu walimu wa Wete na Mkoani wanaozijua bahari hizo kuliko mimi. Watakwambia kama kuna kundi umelisahau.